Debian yafunga mlango kwa kompyuta za biti 32: Je, laptopu yako imo?

KWA miaka mingi, ushauri kwa kijana mwenye laptopu iliyochoka umekuwa mmoja tu: weka Linux. Windows ikianza kukokota miguu, feni ikinguruma kama mashine ya kusaga unga na ukurasa mmoja wa intaneti ukichukua dakika nzima kufunguka, yule rafiki yako mjuaji wa kompyuta hukwambia usiitupe. Choma Linux kwenye flashi, ipe mashine maisha mapya. Na mara nyingi, si uongo, inafanya kazi.

Lakini tangu Agosti 9, 2025, ushauri huo umekuja na masharti. Siku hiyo mradi wa Debian, mojawapo ya distro kongwe na zinazoheshimika zaidi duniani, ulitoa toleo lake la 13 kwa jina trixie. Ndani ya maelezo ya toleo hilo kulikuwa na habari ambayo wengi waliipita bila kuisoma: kompyuta za biti 32 za familia ya i386 hazipewi tena keneli rasmi wala programu ya kusakinisha. Wenye mashine hizo wanaambiwa wasithubutu kupanda kutoka Debian 12 hadi 13. Kama prosesa inakubali, wasakinishe upya toleo la biti 64. Kama haikubali, mashine istaafu.

Kwani hiyo inamhusu nani? Inahusu wengi kuliko unavyodhani. Debian ni mama wa distro nyingi. Ubuntu ilitoka kwake, Raspberry Pi OS ilitoka kwake, Kali inayopendwa na vijana wa usalama wa mitandao ilitoka kwake. Linux Mint nayo ina toleo lililojengwa moja kwa moja juu ya Debian, linaloitwa LMDE. LMDE 7 ilipotoka Oktoba 2025, biti 32 haikuwemo. Mama akihama, watoto hawabaki kwenye nyumba tupu.

Na tarehe yenyewe ni ya kuwazia. Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10, toleo la mwisho la Windows lililotengenezwa pia kwa biti 32. Windows 11 ni ya biti 64 pekee, tena inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa hivyo ndani ya takriban miezi miwili tu, mashine ya zamani ilifungiwa mlango wa mbele, na mlango wa nyuma uliozoeleka zaidi ukafungwa pia.

Namba zilipoisha

Tuanze na hiyo biti 32 yenyewe, kwa sababu wengi huitaja bila kujua ni nini.

Kila kitu ambacho kompyuta inashughulikia, iwe herufi, picha au wimbo, hukaa kwenye memori, na kila sehemu ya memori ina anwani yake. Prosesa ya biti 32 huandika anwani kwa tarakimu 32 za sifuri na moja. Piga hesabu: anwani zote zinazowezekana ni 4,294,967,296. Hizo ndizo GB 4. Kulikuwa na ujanja wa kuwezesha keneli kuona memori zaidi ya hapo, lakini programu moja moja ilibaki imefungiwa ndani ya ukuta huohuo.

Fikiria namba za simu hapa Kenya. Tulizoea kila namba ya rununu kuanza na 07. Laini zikawa nyingi, namba zikakaribia kuisha, na 2019 Mamlaka ya Mawasiliano ikafungua zile za 01. Hakuna mtu aliyekosea. Watu waliongezeka tu kuliko hesabu iliyopangwa mwanzoni. Kompyuta nazo zilifikia hapo.

Jibu lilikuja 2003, pale AMD ilipouza chipu za Opteron na Athlon 64. Zilitumia anwani za biti 64, na bado ziliweza kuendesha programu za biti 32. Intel ikafuata 2004. Kwa sababu chipu mpya zilikubali programu za zamani, hakuna aliyelazimika kuhama kwa siku moja. Ndiyo maana hadithi hii imechukua zaidi ya miaka 20 kufika mwisho.

Na watengenezaji hawakuacha chipu za biti 32 mara moja. Core Duo ya Intel iliyotoka mapema 2006 ilikuwa ya biti 32, ilhali Core 2 Duo iliyotoka miezi michache baadaye ni ya biti 64. Atom N270 ya 2008, iliyowekwa ndani ya vile vilaptopu vidogo kama Acer Aspire One na baadhi ya Asus Eee PC, ni ya biti 32 kabisa. Kwa hivyo usipime kwa mwaka pekee. Mashine ya 2006 inaweza kupita, na ya 2008 ikaachwa nje.

Kuagana kwa awamu

Debian haikuamka siku moja ikaamua kufukuza watu. Kusema kweli, ilikuwa miongoni mwa wa mwisho kuondoka.

Kuna kitu cha kuchekesha kidogo katika historia hii. Linus Torvalds alianza kuandika Linux 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, na aliiandika kwa ajili ya kompyuta yake yenye chipu ya Intel 386. Desemba 2012, yeye mwenyewe alikubali chipu hiyo iondolewe kwenye keneli. Mashine iliyoizaa Linux haiwezi kuendesha Linux ya leo.

Baada ya hapo distro zikaanza kufuatana. Google iliacha kutoa Chrome ya Linux ya biti 32 Machi 2016. Arch Linux ikaacha biti 32 mwaka 2017. Mwaka huohuo, Ubuntu 17.10 ikatoka bila faili ya kusakinisha ya biti 32 kwa kompyuta za mezani na laptopu. Fedora ikaondoa keneli yake ya biti 32 katika toleo la 31, Oktoba 2019. Mozilla nayo ikatangaza kwamba Firefox 144 ya Oktoba 2025 ndiyo ya mwisho kwa Linux ya biti 32, huku toleo la muda mrefu la Firefox 140 likiendelea kupewa masasisho hadi angalau Septemba 2026.

Ndani ya Debian, mazungumzo yaliiva mwishoni mwa 2023, timu kadhaa za mradi zilipokutana Cambridge, Uingereza, na kutangaza kwamba keneli na kisakinishi cha i386 vitaondolewa. Wenye mashine hizo walipata mwaka mmoja na nusu wa kujipanga.

Mzigo wa nani?

Hapa ndipo hasira za wengi huanzia. Utasikia mtu akiuliza: kama kitu kinafanya kazi, mbona msikiache tu? Si ni programu tu, haili wala hainywi?

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga. Ukiutazama kwa mbali unaona mwepesi. Debian 13 ina karibu vifurushi 70,000 vya programu. Kila aina ya prosesa inayoungwa mkono, lazima vifurushi hivyo vijengwe kwa ajili yake, vijaribiwe, na vikivunjika mtu akae usiku atafute hitilafu iko wapi. Wengi wa wanaofanya kazi hiyo ni watu wa kujitolea. Hawalipwi na Debian hata senti.

Ugumu wa kwanza ni ule ukuta wa GB 4. Kugeuza kivinjari kama Firefox au Chromium kutoka maandishi ya waandishi wa programu hadi kitu unachoweza kubofya kunahitaji memori nyingi mno. Programu zimekuwa kubwa kiasi kwamba kuzijenga ndani ya mazingira ya biti 32 kunashindikana katikati. Watunzaji wakabaki kubuni ujanja mmoja baada ya mwingine ili tu kazi imalizike.

Ugumu wa pili ni usalama, na huu ndio unafaa kukuogopesha. Januari 2018 dunia ilijulishwa kuhusu kasoro ya Meltdown, iliyowezesha programu moja kuchungulia siri za keneli kupitia prosesa yenyewe. Linux ya biti 64 ilipata kinga yake mwezi huohuo katika keneli 4.15. Ya biti 32 ilisubiri hadi keneli 4.19, Oktoba. Miezi tisa. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Wahandisi wengi walikuwa wakitumia, kulipwa na kupimia kwenye mashine za biti 64, na huko ndiko macho yao yalikokuwa.

Kumbuka hilo unapoambiwa kwamba mashine ya zamani "bado inafanya kazi". Kuwaka ni kitu kimoja, kulindwa ni kingine. Ukiingia kwenye iTax, eCitizen au akaunti ya HELB kupitia kivinjari kisichosasishwa, unaanika nywila zako kwa matundu ambayo wahalifu wanayajua na hakuna anayeyaziba. Na si zako peke yako. Kama mashine hiyo iko kwenye saiba au maabara ya shule, kila anayeketi hapo anashiriki hatari hiyo bila kujua.

Michezo iliokolewa, mashine zikaachwa

Sasa kuna sehemu ya hadithi hii ambayo haizungumzwi sana, na ndiyo inayouma.

Juni 2019, Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, ilitangaza kwamba toleo la 19.10 litaondoa vifurushi vyote vya biti 32. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. Lakini hazikutoka kwa watu wenye laptopu kuukuu, kwa sababu hao walikuwa wamekwisha kukosa kisakinishi tangu 2017. Zilitoka kwa wachezaji wa gemu. Gemu nyingi za zamani kwenye Steam ni za biti 32, na Wine, programu inayowezesha Linux kuendesha programu za Windows, ilizihitaji maktaba hizo pia. Upande wa Valve, wenye Steam, ulisema hautaiunga mkono rasmi Ubuntu 19.10. Ndani ya wiki moja Canonical ikalegeza msimamo: vifurushi vilivyochaguliwa vya biti 32 vingebaki.

Debian 13 imefuata mkondo unaofanana na huo. Vifurushi vya i386 bado vipo, lakini sasa vimekusudiwa kutumika kwenye prosesa ya biti 64 pekee, ili mtu aendeshe programu zake za zamani. Tena vinahitaji amri za prosesa zinazoitwa SSE2, ambazo chipu nyingi za biti 32 zilizokubaliwa na Debian 12 hazina.

Yaani gemu ya 2005 imewekewa nafasi, lakini laptopu ya 2005 haina. Programu za kale ziliokolewa kwa sababu zina watetezi wenye sauti, pesa na kampuni nyuma yao. Mashine za kale zilikuwa mikononi mwa watu waliotumia kimya kimya, ambao hawakuripoti hitilafu, hawakujaribu matoleo mapya kabla hayajatoka, na pengine hawakujua kwamba uamuzi unafanywa. Huwezi kuwalaumu, maana mtu anayetafuta kodi ya nyumba hana muda wa kujadiliana kuhusu keneli. Hata hivyo, matokeo ndiyo hayo.

Ulinganisho mmoja unaonyesha jambo hili vizuri. Chipu za Motorola 68000, zile za kompyuta za Amiga na Atari, ziliondolewa kwenye matoleo rasmi ya Debian tangu Debian 4.0 ya 2007. Hadi leo kuna mashabiki wanaoendelea kujenga vifurushi vyake kando, chini ya mradi unaoitwa Debian Ports. Ni wachache, lakini wamekataa kuacha. Na katika toleo lilelile la 13 lililoitoa i386, chipu za riscv64 zilipokelewa rasmi kwa mara ya kwanza kwa sababu kuna watu waliozibeba hadi mlangoni. Katika programu huria, kinachoishi ni kile chenye watu. Umri wa chipu ni jambo la pili.

Saa ya 2038

Kuna sababu nyingine iliyofanya mwisho wa i386 uonekane wazi, nayo iko kwenye kalenda.

Mifumo ya jamii ya Unix, Linux ikiwemo, huhesabu muda kwa sekunde kuanzia Januari 1, 1970. Mashine nyingi za biti 32 zilihifadhi hesabu hiyo katika nafasi ya biti 32, ambayo hujaa ikifika sekunde 2,147,483,647. Siku hiyo itakuwa Januari 19, 2038. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki ni saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itadhani imerudi 1901.

Debian ilichukua hatua kabla ya toleo la 13. Mifumo yake ya biti 32, kama armhf ya chipu za ARM, ilijengwa upya ili ihesabu muda kwa biti 64. Kwa hivyo usimwamini anayekwambia biti 32 yote imekufa, maana ARM ya biti 32 bado iko ndani. Ila i386 iliachwa na saa yake ya zamani kimakusudi. Kazi yake sasa ni kuendesha programu zilizojengwa miaka hiyo, na programu hizo zingevunjika saa ikibadilishwa. Ndiyo kusema i386 imegeuzwa kuwa kabati la kutunza vitu vya kale, na kabati halihamishiwi nyumba mpya.

Pima yako kabla ya kulia

Sasa tushuke kwa mambo ya mkononi. Kabla hujaanza kuomboleza, hakikisha kwanza kama kweli mashine yako ni ya biti 32. Wengi wana prosesa ya biti 64 lakini fundi aliwawekea mfumo wa biti 32, hasa kama RAM ilikuwa ndogo.

Ukiwa kwenye Linux, fungua teminali uandike lscpu. Tafuta mstari wa juu unaosema CPU op-mode(s). Ukiona 32-bit, 64-bit, pumua, chipu yako inaweza zote mbili. Ukiona 32-bit peke yake, basi imeachwa. Amri ya uname -m nayo hukuonyesha keneli iliyopo sasa hivi: i686 ni ya biti 32, x86_64 ni ya biti 64. Hizo mbili zikitofautiana, yaani chipu inaweza 64 lakini keneli ni i686, suluhisho lako ni kusakinisha upya tu.

Ukiwa kwenye Windows, ingia sehemu ya maelezo ya kompyuta, pale pa System type. Maneno x64-based processor ndiyo unayoyatafuta, hata kama mfumo wenyewe umeandikwa 32-bit.

Usijaribu kugeuza mfumo wa biti 32 kuwa wa 64 bila kusakinisha upya. Inawezekana kiufundi, lakini Debian wenyewe wanasema ni hatari. Toa nakala za faili zako kwenye diski ya nje au flashi, zihakikishe zinafunguka kwenye mashine nyingine, ndipo ufute na kuanza upya.

Kama kweli ni ya biti 32

Kwanza, usiwe na haraka. Debian 12 iliyotoka Juni 2023 ina kisakinishi cha i386. Masasisho yake ya kawaida yamepangwa hadi katikati ya 2026, na kipindi cha muda mrefu kinachosimamiwa na timu ya LTS kimepangwa kumalizika Juni 30, 2028. Tumia muda huo kupanga, si kusahau.

Pili, zipo distro ambazo bado hazijaondoka. Alpine na Gentoo zina matoleo ya biti 32, ingawa zinahitaji moyo wa kujifunza. Nje ya Linux kuna NetBSD na OpenBSD, zinazojulikana kwa kutunza mashine za kale.

Tatu, ibadilishie kazi. Laptopu isiyoweza tena kuingia intaneti kwa usalama bado inaweza kuandikia barua na ripoti, kupigia hesabu za duka, kuchezea gemu za zamani, au kumfundisha mdogo wako kuchapa na kuandika programu zake za kwanza. Itoe kwenye mtandao, iache ifanye kazi inayoiweza. Ukifanya hivyo, suala la masasisho linapoteza uzito mkubwa.

Nne, ikifikia mwisho kabisa, usiitupe kwenye jaa la mtaa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo tu ndiyo iliyorekodiwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Ndani ya mashine hizo mna risasi na sumu nyinginezo. Wapelekee wanaochakata, na utoe diski yako kwanza.

Foleni bado inasonga

Kama unasoma haya ukijipiga kifua kwa sababu laptopu yako ni ya biti 64, tulia kidogo bana. Foleni haijaishia hapo.

Chipu za biti 64 nazo zimepangwa kwa ngazi, kulingana na amri zinazozielewa. Ngazi ya kwanza ni zile za 2003. Red Hat Enterprise Linux 9 ya 2022 inadai ngazi ya pili. Toleo la 10 la Mei 2025 linadai ngazi ya tatu, ambayo kwa upande wa Intel Core ilianza na kizazi cha nne, mwaka 2013. Chini ya hapo haliwaki. AlmaLinux, inayojengwa kufuata Red Hat, iliona wenye mashine za kati wataumia, ikaamua kutoa toleo la ziada la ngazi ya pili. Debian yenyewe bado inakubali biti 64 zote tangu ile ya kwanza, na hilo ni jambo la kushukuru.

Kwa mnunuzi wa laptopu za ex-UK pale Luthuli Avenue au Moi Avenue, hii si nadharia. Laptopu nyingi za ofisi zinazofika kwetu zimetumika miaka kadhaa huko zilikotoka. Kwa hivyo soma namba ya prosesa kabla ya kuvutiwa na kibandiko cha i5. Katika i5-3320M, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 3, maana yake kizazi cha tatu. i5-4300U ni kizazi cha nne. Tofauti ya tarakimu moja tu, lakini kwa distro kama RHEL 10 ndiyo tofauti ya kuingia na kubaki nje. i5 ya zamani si sawa na i5 ya juzi, hata kama muuzaji anaapa.

Njoo na flashi yenye Linux uombe uiwashe laptopu hapohapo dukani, bila kusakinisha chochote. Dakika tano zinatosha kuona kama skrini, sauti, Wi-Fi na kibodi vinatambulika. Muuzaji akikataa kata kata, jiulize anaficha nini.

Utu ndani ya Ubuntu

Ubuntu ilipozinduliwa Oktoba 2004 na Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini, ilichagua jina ambalo Mswahili halihitaji kufafanuliwa. Ubuntu ni utu. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, mradi huo ulituma sidii za bure kwa posta hadi kwa yeyote aliyeomba, popote duniani. Ahadi ilikuwa kwamba kompyuta isiwe ya wenye nacho peke yao.

Je, kuacha mashine za zamani ni kuvunja ahadi hiyo? Naona jibu halitoshei kwenye ndiyo au la. Kumwambia mtu kwamba yuko salama ilhali hakuna anayeziba matundu ya mfumo wake ni kumdanganya. Debian imesema ukweli mapema, imeacha muda wa kuhama, na imeacha msimbo wote wazi kwa atakayetaka kuendelea. Wangapi kwenye biashara ya simu wamewahi kukufanyia hivyo?

Lakini pia si kweli kwamba maamuzi haya ni hali ya hewa, yanakuja tu. Yanafanywa na watu waliopo, kwa kutazama mashine walizonazo mbele yao. Mhandisi mwenye laptopu mpya anapima kwenye laptopu mpya. Kama hakuna anayempelekea taarifa kutoka kwenye mashine ya miaka 12 yenye RAM ya GB 4, hawezi kujua kwamba amemwacha mtu nyuma.

Na hapa vijana wa Nairobi, Mombasa na Kisumu wana kitu ambacho wengi wa wahandisi hao hawana, nacho ni mashine za kati, za kizazi cha pili na cha tatu, zinazofanya kazi kila siku. Matoleo ya majaribio ya Debian na Ubuntu hupatikana bure kabla ya kila toleo rasmi. Yajaribu. Kikivunjika kitu, ripoti hitilafu kwa maneno ya kawaida: mashine gani, ulifanya nini, kikatokea nini. Huhitaji digrii kuandika hayo.

Biti 32 imeshaondoka kwenye mlango rasmi wa Debian, na sioni dalili ya kurudi. Kizazi cha tatu cha Intel bado kimo ndani. Kitakaa kwa muda gani kutategemea kama walio nacho watasikika kabla mkutano mwingine haujaketi.